Kabla ya Kufunga Safari: Chama Kimwulize Nani?

Kila mwaka vyama vingi vya msingi hutenga katika makisio yao fungu la safari. Wajumbe wa bodi huenda Moshi kuhudhuria mafunzo. Wakulima hupelekwa kwenye maonyesho ya Nane Nane. Kamati huenda mkoa mwingine kukitazama chama kilichofaulu kuendesha kinu cha kukoboa kahawa au ghala la pamoja, ili irudi na maarifa. Safari hizo ni njema, na hakuna anayetaka zikomeshwe. Lakini fedha zinazotumika si za msafiri. Zimekatwa senti kwa senti katika kilo za mazao ya wanachama, na mwanachama aliyebaki shambani akipalilia ana haki ya kuuliza zimeleta nini.

Safari ya chama ikiharibika, aghalabu haiharibiki kwa wizi. Huharibika kwa neno la mtu mmoja lililosadikiwa bila kupimwa. Ujumbe wa watu kumi na wawili hufika kinuni ukakuta msimu umekwisha na mitambo imefunikwa turubai. Au hufika mji wa maonyesho usiku wa kuamkia tarehe 8 Agosti, wazee kwa vijana, ukakuta hakuna nyumba ya wageni yenye kitanda kilicho wazi. Masurufu huisha siku ya pili, na Katibu huanza kupiga simu nyumbani kuomba fedha ambazo mkutano haukuziidhinisha. Kila mara yupo mtu aliyesema, "Nendeni tu, hakuna tabu." Swali la makala haya ni jinsi ya kumtambua mapema mtu ambaye neno lake laweza kuaminiwa.

Yafaa kwanza kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Yapo mambo ya safari yaliyowekwa na mamlaka na kuandikwa. Kikomo cha nauli za mabasi ya mikoani hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA. Ratiba ya treni hutolewa na shirika la reli lenyewe. Hati za kuvukia mpaka ni kazi ya Uhamiaji. Katika mambo hayo usimwulize jirani, hata awe msafiri wa miaka thelathini. Soma tangazo au nenda ofisini. Mwenyeji anahitajika kwa yale yasiyoandikwa mahali popote: barabara gani hukatika masika yakianza, gesti gani ina maji, siku gani meneja wa kinu yupo na ana nafasi ya kuzungumza na wageni, na basi huondoka saa ngapi hasa, mbali na saa iliyoandikwa katika tiketi.

Na hapo kwenye saa pana mtego ambao umewaacha wengi kituoni. Tiketi ya kompyuta huandika 06:00, na mtu wa stendi husema saa kumi na mbili. Wote wawili wanasema jambo moja. Mzee aliyezoea saa zetu, akisomewa "sita" na mjukuu wake, atafika kituoni jua likiwa utosini. Wanaokwenda Zambia kwa reli ya TAZARA au kwa barabara ya Tunduma, na wanaokwenda Rwanda kupitia Rusumo, wakumbuke pia kwamba saa za huko ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Na kwa kuwa tumeitaja TAZARA: stesheni yake ya Dar es Salaam iko kando ya Barabara ya Nyerere, mbali na stesheni ya reli ya kati iliyo katikati ya mji. Mgeni akimwambia dereva "nipeleke stesheni" bila kusema ipi, amejitakia mwenyewe.

Sasa tumgeukie mshauri. Jambo la kwanza la kutazama ni faida yake. Mpiga debe wa stendi hupata riziki yake kwa kila abiria anayemwingiza garini. Si lazima awe mwongo. Ukimwuliza ni basi lipi linaloondoka sasa hivi, huenda hakuna anayejua kuliko yeye. Ukimwuliza ni basi lipi lililo zuri, umemwuliza habari ya chakula chake cha jioni, naye atajibu ipasavyo. Dereva wa teksi anayekupeleka kwenye gesti asiyoulizwa huenda ana chake mle ndani. Tusiishie stendi lakini. Mjumbe wa kamati anayesisitiza kwamba ziara iende wilaya fulani, kumbe ndiko kwao na ana msiba wa kuhani, naye ana faida. Tofauti ni kwamba yeye hakai juani akipiga kelele. Kwake pia swali ni lile lile.

Wachapaji wa vitabu vya safari wa zamani walilifahamu jambo hili. Karl Baedeker, Mjerumani wa Koblenz aliyejulikana Ulaya nzima katika karne ya 19 kwa vitabu vyake vya kuongoza wasafiri, alijenga jina lake juu ya kanuni nyepesi: habari zikaguliwe kwa macho, na sifa isinunuliwe. Vitabu vilivyotoka chini ya jina lake viliwaonya wenye hoteli kwamba matangazo ya biashara hayakubaliwi ndani yake kabisa. Msomaji aliyekuta hoteli imesifiwa alijua kwamba mwenye hoteli hakulipia sifa ile.

Jambo la pili ni tarehe. Habari ya safari huoza kama nyanya, na mwenye nayo hana habari kwamba imeoza. Aliyepita Dar es Salaam mwaka 2019 atakuambia kwa uhakika kwamba mabasi ya mikoani hufikia Ubungo, naye hasemi uongo. Ila mwaka 2021 kituo kilihamia Mbezi Luis. Aliyezoea desturi ya miaka mingi atakuambia kwamba mabasi hayasafiri usiku, na kweli yalikatazwa muda mrefu, lakini mwaka 2023 yakaruhusiwa tena. Aliyekwenda Dodoma kwa basi mwaka 2022 hakuipanda treni ya reli ya kisasa, maana ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Na wale waliokuwa wakitoka Mwanza kwenda Geita wakipanga foleni ya kivuko pale Kigongo, hesabu yao ya saa za njiani ilikufa Juni 2025, daraja la kuvukia Busisi lilipofunguliwa. Ndani ya miaka mitano tu, mashauri manne ya watu wakweli yamegeuka kuwa ya kupotosha. Kwa hiyo kila anayekupa habari mwulize: mara ya mwisho ulipita lini? Asipoweza kutaja mwaka na mwezi, asikilizwe kwa adabu kisha atafutwe mwingine.

Jambo la tatu halitazamwi sana, nalo ni kama mshauri aliwahi kusafiri kwa hali yako wewe. Ofisa aliyekwenda kwa gari la serikali hajui basi la saa kumi na mbili. Kijana hajui ngazi ngapi ziko katika gesti ambayo bibi mwenye goti bovu atalala ghorofa ya tatu. Kama ujumbe una wanawake, na siku hizi unapaswa kuwa nao, waulizwe wanawake waliokwisha kufika huko, wala wasiulizwe kupitia kwa waume zao. Mlango wa chumba unafungwa kwa ndani? Bafu liko wapi? Kutoka stendi hadi gesti usiku kuna taa? Mwanamume anaweza kulala mahali mara kumi asione lolote kati ya hayo.

Mfano mkubwa kuliko yote tunaoufahamu wa kazi ya kukusanya maneno ya wenyeji unatoka Marekani, nao unastahili kuelezwa kwa kirefu, maana aliyeianzisha hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa mgawa barua. Jina lake Victor Hugo Green, aliyezaliwa mwaka 1892. Aliishi Harlem katika jiji la New York, na kazi yake ya posta ilikuwa Hackensack, jimbo la New Jersey. Siku zile sheria za majimbo mengi na desturi za karibu yote zilimbagua Mmarekani mweusi. Mtu mwenye gari lake na fedha zake mfukoni aliweza kunyimwa petroli, kunyimwa chakula, kunyimwa kitanda, hata kunyimwa choo kwa ajili ya mtoto. Ilikuwapo miji ambayo mtu mweusi alitakiwa awe amekwisha kuondoka kabla ya jua kutua, na kukutwa humo usiku kuliweza kumgharimu uhai. Familia zilizosafiri zilifunga chakula cha njia nzima na blanketi za kulalia garini. Ramani za barabara zilikuwapo tele na zilikuwa sahihi. Hazikusema tu ni mlango gani utakaofunguliwa ukibishwa.

Mwaka 1936 Green alichapa kijitabu alichokiita The Negro Motorist Green Book. Toleo la kwanza lilihusu New York na vitongoji vyake tu. Lilihitajika mno, naye akalipanua mwaka hata mwaka mpaka likaenea Marekani yote, na baadaye likagusa Kanada, Meksiko na Bermuda. Ndani yake msomaji alipata majina na anwani, mji kwa mji: hoteli, migahawa, gereji, vinyozi, vituo vya mafuta. Mahali ambapo hapakuwa na hoteli yoyote ya kumpokea mweusi, kitabu kilitaja nyumba za watu binafsi waliokuwa tayari kumpangisha msafiri chumba kwa usiku mmoja. Vituo vya mafuta vya Esso vilikiuza kwa wateja wao.

Lakini linalotuhusu sisi zaidi ni namna alivyopata habari hizo. Green hakuwa na fedha za kutuma wakaguzi katika majimbo yote. Alikuwa na wagawa barua wenzake. Fikiri kazi ya mgawa barua: hufika mlangoni kila siku, masika na kiangazi, anajua nani ana chumba cha ziada, nani muungwana na nani mkorofi, nani amehama juzi na nani amefariki. Hana kitanda cha kuuza. Anaishi na kufanya kazi pale pale, hivyo akipeleka jina la mtu mbaya, aibu itamrudia yeye. Kwa wagawa barua hao Green aliongeza wasomaji wenyewe, akiwaomba wamwandikie walipopokewa vizuri na walipofukuzwa. Toleo lililofuata lilisahihisha lililotangulia. Habari ilizunguka, ikapimwa na mwili wa msafiri, ikarudi.

Green alifariki mwaka 1960, na mkewe Alma akaendeleza kazi. Mwaka 1964 Marekani ilipitisha sheria ya haki za raia iliyopiga marufuku ubaguzi katika hoteli na migahawa, na miaka michache baadaye kitabu kikakoma kuchapwa. Hapo hapo katika matoleo ya mwisho wa miaka ya 1940 mchapaji alikwisha kuandika kwamba anaitazamia siku ambayo kitabu chake hakitahitajika tena. Ni wachache mno wanaouza kitu huku wakiomba soko lake life.

Hatuna haja ya kusema kwamba safari zetu za kwenda Nane Nane zafanana na hatari ile. Tunachosema ni kwamba kila chama cha msingi kina mgawa barua wake, naye ni Katibu. Katibu anajua ni mwezi gani kinu chao kinafanya kazi na ni mwezi gani kimefungwa. Anajua mama lishe gani hupika chakula cha watu ishirini akipewa taarifa ya siku moja, na gesti ipi ilibadilisha mwenyewe ikaharibika. Hana basi la kujaza. Na zaidi ya hayo, yeye na wewe mko chini ya kanuni moja: ushirikiano baina ya vyama vya ushirika uliingizwa katika misingi ya ushirika duniani mwaka 1966, na kumwandalia mwenzako habari za kweli ni sehemu ya ushirikiano huo. Wazee wanaokumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, na sheria ya mwaka 1982 iliyovirudisha, watakuambia kwamba majengo na magari yalirudi upesi kuliko kujuana. Kujuana ndiko hasa tunakokuzungumzia hapa.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mwenye basi, Katibu amwandikie Katibu mwenzake wa huko waendako. Asiandike, "Tunaomba utueleze hali ya huko." Swali la jumla huleta jibu la heshima, na sisi ni watu wa heshima kupita kiasi katika jambo hili, mwenyeji hapendi kumvunja moyo mgeni kabla hajafika. Ukimwuliza kama ni mbali, atasema si mbali, ni hapo tu. Ukimwuliza kama barabara ni nzuri, atasema inapitika. Uliza vitu vinavyohesabika. Mgeni wenu wa mwisho alifika lini, akitokea wapi? Aliondoka kwao saa ngapi na kwenu alifika saa ngapi? Alilipa kiasi gani kwa kitanda, na alipewa stakabadhi? Kinu kilikuwa kikifanya kazi siku ile? Nini kilimharibikia? Swali hili la mwisho lina thamani kuliko yote. Mtu asiyekumbuka tabu hata moja ya safari, ama hakwenda, ama hataki wewe usiende.

Jibu likija, litafutwe la pili kutoka kwa mtu asiyejuana na wa kwanza. Afisa Ushirika wa wilaya ile yafaa. Mwalimu aliyehamishwa kutoka huko yafaa. Mwanachama ambaye binti yake ameolewa huko yafaa sana, madhali binti huyo hupanda basi hilo hilo kila mwisho wa mwaka. Wawili wakikubaliana, endeleeni. Wakitofautiana, msichukue jibu linalopendeza. Ulizeni wa tatu. Siku hizi simu imerahisisha yote haya, na kundi la simu la makatibu hujibu kabla chai haijapoa. Lakini jibu la simu hupotea, na katika kundi la watu mia mara nyingi hujibu kwanza yule mwenye nafasi, si yule mwenye habari. Jibu linalohusu fedha za chama liandikwe, liwe na jina na tarehe, na liwekwe katika jalada la safari.

Liko onyo moja juu ya wenyeji, hata walio bora. Mwenyeji huzoea. Jambo lenye hatari likifanyika kila wiki bila madhara, machoni pake hugeuka kuwa desturi, naye atakusimulia kwa moyo safi kabisa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, kikitokea Bugorora siku ya gulio. Kilikuwa na kibali cha kuchukua watu 101; waliofariki peke yao walizidi 200. Wengi wa waliopanda walikuwa wenyeji wa visiwa vile, watu walioijua njia ile kuliko mgeni yeyote. Basi mwenyeji aulizwe chombo huondoka lini na wapi. Kinachukua watu wangapi ni jambo lililoandikwa, na kiongozi wa msafara alisome mwenyewe, ahesabu kwa macho, na akiona kimezidi awashushe watu wake hata kama tiketi zimekwisha kulipwa. Halmashauri ya chama itamke hivyo kabla ya safari na iingizwe katika muhtasari, ili kiongozi asiogope kuulizwa juu ya nauli iliyopotea.

Makatibu watakaoulizwa nao wana wajibu wao. Msijibu msichokijua. "Sijui, lakini mwulize fulani" ni jibu kamili, na halimpunguzii Katibu heshima. Msimsifu ndugu yenu mwenye gesti bila kusema kwamba ni ndugu yenu. Semeni, kisha msifuni, na mwuliza ataamua. Chama chenu kikiwa kimeyumba, kinu kimeharibika au mkutano una mgogoro, waambieni wageni waahirishe. Ni afadhali waone aibu yenu kwa barua kuliko kuigharimia nauli.

Na safari ikiisha, taarifa isiwe ile ya "tulifika salama na tulijifunza mengi." Kiongozi wa msafara aandike kurasa mbili katika daftari la safari la chama: tarehe, njia, saa za kuondoka na kufika, kila nauli na kila kitanda pamoja na stakabadhi zake, jina la aliyewapa habari kabla ya safari, na mbele ya jina hilo aandike kama habari zake zilikuwa kweli au sivyo. Nakala ya kurasa hizo ipelekwe kwa Katibu wa huko walikotoka, apate kuona wageni wake waliona nini. Daftari lenyewe likae katika kabati la ofisi, si nyumbani kwa Katibu, na siku Katibu atakapobadilishwa likabidhiwe pamoja na mhuri na funguo za ghala.